Bisibisi kwenye Meno

Tarehe 3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu imenishinda. Au niseme wewe ndiye uliyenishinda. Jumamosi nilipiga, ukapokea. Nikakuuliza, "Baba, yale mafua yameisha?" Ukajibu, "Amina, amina." Nikakuuliza nani anakusaidia kushusha kompresa za AC za malori siku hizi, ukasema, "Sawa, zimefika," ukakata. Zimefika nini, baba? Jumapili nikarudia. Ukaita haloo, haloo, kama mtu anayeita kuku, kisha kimya.

Najua ulinuna nilipoondoka. Hukusema kitu, ila ulinipa begi bila kunitazama, ukarudisha kichwa chini ya dashibodi ya ile teksi nyeupe. Anayejua kununa kama wewe hana haja ya kusema. Kama bado umenuna, basi nuna kwa maandishi, nijue.

Gereji ya huku ni kubwa na sakafu yake inang'aa. Gari likiingia linafungwa mashine, mashine inanyonya gesi ya zamani, inapima, inajaza mpya, inatema karatasi. Mimi nabonyeza kitufe na kuchana karatasi. Jana limerudi gari nililolijaza juzijuzi tu, AC inapuliza hewa ya moto. Nikamwambia msimamizi, hili linavuja, niachie nitafute panapovuja. Akasema, "Jaza litoke. Gesi ikiisha atarudi." Nikajaza. Mikono iliniwasha, baba. Nilikuona wewe na kopo lako la povu la sabuni, unapaka kiungo baada ya kiungo, mteja analalamika na wewe humsikilizi.

Chumba changu kiko juu ya mafundi cherehani. Wakianza kazi, kikombe kinatembea chenyewe mezani. Kulala silali, na si kwa joto, joto tumelizoea. Nahangaika kama kuku anayetaka kutaga: nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga.

Sababu ni hii. Wanataka nisaini mkataba wa miaka miwili, nipelekwe tawi la mbali zaidi, huko ambako kuja nyumbani ni hadithi. Wanataka jibu mwisho wa Machi. Mimi nataka neno moja kutoka kwako: saini, au rudi. Ukisema lolote kati ya hayo nitalala usingizi. Yule dereva wa lori la vipuri, mwenye pengo, anapita kwako kila wiki. Mpe jibu langu.

Mwanao,
Kipupwe

*

Jumatano, kabla sijafungua geti

Kipupwe,

Marahaba. Sijanuna. Iliyonuna ni simu. Ilitumbukia kwenye beseni la oili, kioo kimeingia weusi, ujumbe hausomeki, na sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya debe. Usimalize vocha zako. Andika tu. Mimi nimependa, barua unaisoma polepole na hakuna anayekuharakisha.

Mafua yaliisha zamani. Kazi zipo, joto la mwaka huu halina adabu. Juzi mama wa duka la vitabu kaleta gari, anadai AC yake inanuka msiba. Nikafungua kasha la feni, namkuta panya na wanawe, wamejenga kwa karatasi za mtihani, wametandika vizuri kuliko mimi ninavyotandika kitanda changu. Mama wa watu alitoka mbio, akarudi kesho yake kuchukua viatu.

Nimeleta utaratibu mpya. Nimetundika ubao getini na kipande cha chaki: MTEJA, ANDIKA SHIDA YA GARI LAKO. FUNDI HAPENDI MANENO MENGI. Mwanzo waliguna, sasa wamezoea. Mmoja aliandika "Joto", akaondoka zake. Mwingine kaandika: "Mke wangu anasema baridi inakuja upande wangu tu." Nikamjibu kwa chaki kwamba hiyo si kazi ya fundi.

Habari isiyopendeza ni ya gari la mwalimu wa hesabu. Nililitoa mikononi mwangu likiwa zima, baridi yake ya kuganda. Haikupita muda kompresa ikakwama yuko mteremkoni. Mkanda ukakatika, usukani ukawa mgumu, akaingia kwenye ua wa watu. Yeye hakuumia, ila ananipita barabarani bila salamu. Vipuri vya siku hizi ni takataka.

Kuhusu kusaini, wewe ni mtu mzima. Usije kwanza, napaka rangi gereji.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 19 Februari

Baba,

Shikamoo.

Unapaka rangi? Wewe? Ule ukuta aliupaka marehemu mama kwa mikono yake, na tangu hapo hujaruhusu hata msumari upigwe. Niliposoma nilikaa kitandani, nikasimama, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Haikubadilika.

Halafu hilo la mwalimu. Kompresa haifi bila kuaga. Maneno hayo ni yako, si yangu. Ulinifundisha kwamba beringi hulia kwanza, kasauti kembamba, kisha hukoroma, ndipo ikwame. Ulikuwa unatukatisha mazungumzo, "Nyamazeni, hiyo inayokuja ina beringi mbovu," na gari lenyewe halijakata kona! Leo gari linalala gerejini kwako, linawashwa mbele yako, linatoka na beringi inayolia, halafu unaniambia vipuri vya siku hizi?

Mwenzio si mtoto. Umeajiri fundi mwingine. Yeye ndiye aliyeliachia gari la mwalimu, na wewe unambebea. Ndiyo maana simu huitaki, anakuwa karibu. Ndiyo maana nisije. Mimi nikisahau kukaza nati moja ulikuwa huongei na mimi mpaka jioni, na huyu anamwingiza mwalimu kwenye ua wa watu, unamwita "vipuri"!

Naona wivu, baba, na nauandika kama ulivyo. Ile meza ya zana ni yangu upande wa dirishani. Kama umempa, sema.

Sikuuliza kama mimi ni mtu mzima. Niliuliza saini au rudi. Karatasi ya mkataba naitembeza kwenye mkoba kila siku, imeanza kuchakaa pembe. Msimamizi ananiuliza kila asubuhi, namwambia nasubiri jibu la nyumbani. Sasa hivi wananicheka.

Kipupwe

*

Jumatatu

Kipupwe,

Hakuna fundi mwingine. Gari la mwalimu nililishika mimi, mwanzo mpaka mwisho.

Saini. Huko kuna mashine, huku kuna vumbi. Dereva ananisubiri, anapiga honi.

Baba yako

(Anapiga honi nadhani. Namwona mkono uko kwenye usukani.)

*

Ijumaa ya kwanza ya Machi

Kwa binti yetu Kipupwe,

Hujambo mama? Mimi ni Fundi Betri wa mlango wa pili, yule unayemwita mjomba ukitaka kuazima jeki. Sijaandika barua tangu niache shule, kwa hiyo makosa yakae huko huko yaliko.

Mama, njoo. Baba yako akili zinamwacha.

Sikutaka kusema, maana Mzee Baridi ni mtu wangu wa miaka mingi, tumeanza wote tukiwa na spana mbili na deni la kibanda. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Kwanza, salamu haitikii. Nampita namwambia "Za asubuhi, mzee," ananikazia macho mdomoni kama mimi nimebaki na chakula kwenye meno. Siku akiitikia, anaitikia lisilohusika. Nilimwambia, "Nimefiwa na shangazi." Akanicheka, akanipiga bega: "Hongera, hongera!" Nilirudi ndani sikujua nilie au nicheke.

Pili, ule ubao. Watu wanaandika ubaoni kama wako darasani. Anayetaka kuongea anamfukuza kwa mkono. Wateja wengine wamehamia kwa yule kijana wa kona, anayejaza gesi bila hata kufungua boneti sawasawa.

Tatu ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Wiki hii lori lilikuwa linarudi nyuma getini kwake, linapiga ile kengele yake ya kurudi, watu tunapiga kelele, utingo anapiga bodi kwa ngumi. Yeye amechuchumaa nyuma ya lori anaokota nati. Nilimvuta kwa ukosi. Tukaanguka wote. Alinitazama kwa hasira, kisha akaliona tairi.

Na la nne ndilo baya zaidi. Anakula bisibisi. Sitanii. Anawasha gari, anaingiza kichwa kwenye boneti, anagusisha ncha ya ile bisibisi ndefu ya mpini wa mbao kwenye kompresa, mpini anauma kwa meno, anafumba macho. Anakaa hivyo kama anasali. Mpini umejaa alama za meno. Nilimwandikia ubaoni: MZEE, UNAFANYA NINI? Akafuta kwa kiganja, akaniandikia: NAFANYA KAZI.

Uje umpeleke kunakotibiwa watu wa namna hiyo, kabla hajapanda juu ya paa. Usimwambie kama nimekuandikia.

Mjomba wako,
Fundi Betri

*

Tarehe 10 Machi

Mjomba wangu Fundi Betri,

Shikamoo, na pole sana kwa shangazi. Hakukusudia kukupongeza.

Baba hana wazimu. Baba hasikii.

Nilipofika pale kwenye bisibisi niliiweka barua yako mezani, nikazunguka chumba, maana nilihisi nimepigwa kofi. Mimi nilifundishwa kuweka mpini kwenye sikio. Ncha kwenye chuma, mpini sikioni, unasikia ugonjwa wa kompresa. Sikuwahi kufundishwa meno.

Mchana nikajaribu. Niliziba masikio kwa pamba mpaka sikujisikia nikikohoa, nikawasha gari la mteja, nikauma mpini kama ulivyoeleza. Mjomba, kompresa ilinguruma ndani ya kichwa changu! Taya lilikuwa linaisikia. Klachi ikishika naijua, ikiachia naijua. Msimamizi akanikuta hivyo, akaniuliza kama mshahara hautoshi chakula.

Muuguzi anayepanga chumba cha pili nilimweleza. Anasema anayesikia kwa mfupa, ndani ya sikio bado kuna uhai, na kwamba mafua makali huweza kuacha uchafu huko katikati. Anasema aonwe na daktari wa masikio upesi, asikae.

Naona aibu kwa zile barua zangu. Nilidhani amenizibia mlango kumbe yeye ndiye aliyezibwa. Ile meza nimemwonea wivu fundi ambaye hayupo!

Naomba mawili. Gari likirudi nyuma, kaa karibu naye, na usimvute kwa ukosi, mguse bega. La pili liko kwenye barua yake. Kama atakataa, na atakataa, we kaa hapo hapo mpaka achoke.

Kipupwe

*

Tarehe 10 Machi

Baba,

Shikamoo.

Najua. Usimfokee aliyeniambia, alikuokoa na tairi.

Sitaki kukuandikia ninachotaka kukwambia. Nimechoka na karatasi, kalamu inakwenda polepole kuliko roho yangu. Jumapili asubuhi, mtaa ukiwa haujachangamka, nitapiga simu. Fundi Betri atakuwa hapo, atakuonyesha ikiwaka. Mwambie abonyeze spika, aweke sauti ya mwisho. Simu ilazwe kifudifudi kwenye meza ya zana, upande wangu wa dirishani. Weka ncha ya bisibisi mgongoni mwa simu, pale inapotetemeka. Uma mpini. Fumba macho kama unavyofumba.

Usiniambie simu ilitumbukia kwenye oili. Nisikilize kama unavyosikiliza gari, basi. Mkataba sijasaini. Nilitoa kalamu siku ile barua yako ya "saini" ilipofika, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, wino ukaisha. Sikuazima kalamu nyingine, na sijui kwa nini.

Kipupwe

*

Jumapili, mchana

Kipupwe wangu,

Fundi Betri alikuja na viti viwili na fulana safi, kama anakuja kuposa. Nilikataa. Akakaa. Nikafagia, nikapanga spana, nikazipangua. Akakaa. Simu ikawaka akainua kidole kama refa, nikaona nitamwaibisha mtu mzima bure. Nikauma.

Kwanza nilisikia mkwaruzo tu. Nikasogeza ncha kidogo, kama unavyotafuta mahali pa kugusa kwenye kompresa. Nikakupata.

Ulisema shikamoo. Sauti imekuwa nzito, au mpini wangu ndio mzito. Ulinieleza habari za yule msimamizi na gari linalovuja, na wewe kujiziba masikio kwa pamba. Ukacheka. Lakini nimesikiliza vitu vinavyojifanya vizima maisha yangu yote, mwanangu. Chini ya kicheko ulikuwa unalia. Usibishe. Niliisikia kwenye jino la mwisho.

Sasa nikueleze, maana huku nyuma nilikuwa nakukwepa. Yalikuwa yale mafua. Niliamka asubuhi moja dunia imefungwa pamba, nikasema itafunguka, haikufunguka. Nikaogopa. Nilikuwa naogopa asubuhi, mchana na nikila. Fundi wa AC asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi, na gari la mwalimu likanithibitishia. Beringi ililia mbele yangu, mbele ya macho yangu, na mimi nikamkabidhi ufunguo nikitabasamu. Nimekwenda kwake jana. Nikamwandikia kosa ni langu, si la kipuri. Alisoma, akanitengea chai, tukanywa.

Hii ya meno sikuibuni. Nilikuwa nimeshika bomba kwa mikono yote miwili, bisibisi nimeiuma nisiidondoshe, ncha ikagusa kompresa. Nilishtuka nikajigonga kwenye boneti. Nilikuwa sijasikia kitu tangu mafua. Nikakaa pale na kulia mpaka injini ikapata moto.

Nilikwambia saini kwa sababu sikutaka urudi kwa huruma. Sikutaka binti yangu aitwe na mzee wake kuwa sikio lake. Lakini leo umesema hutaki kubonyeza vitufe, unataka kutafuta panapovuja. Umesema hivyo mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa umekasirika. Hiyo si huruma, hiyo ni kazi inakuita. Na mimi nimechoka kufunga geti peke yangu.

Fundi Betri anasema jibu nililokupa kwenye simu lilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Anasema muuza magazeti aliacha kuuza, mbwa wakabweka, na mama wa duka la vitabu akatoka kuuliza nani anarudi. Mimi nilidhani nimenong'ona. Ila usije ukasingizia mtandao, naliandika na hapa, neno moja kama ulivyotaka:

Rudi.

Jumanne Fundi Betri ananipeleka kwa daktari wa masikio. Amesema atanishika mkono njia nzima, nimemwambia asithubutu. Ukuta sijapaka rangi. Upande wako wa meza nimeutoa vumbi, kuna kovu jipya la bisibisi pale simu ilipolala, utaliona.

Na ule ubao nimeufuta. Nilisimama nao muda mrefu, chaki mkononi, watu wanapita. Sasa umeandikwa: FUNDI HASIKII VIZURI. ANAYESIKIA YUKO NJIANI.

Asubuhi hii mteja mmoja alisoma, akazima gari, akashusha kiti na kulala. Nimemwashiria kwa mikono kwamba unaweza kuchukua siku kadhaa. Akaashiria kwamba joto amelizoea.

Baba yako